Kusoma Nje: Tuanzie London au Kampala?



Nimeombwa nizungumzie faida za kusoma nje ya nchi. Najua wengi mmekuja kusikia habari za ufadhili, viza na tarehe za mwisho za maombi. Hizo nitazigusa mwishoni, kidogo tu, kwa sababu hubadilika kila mwaka. Langu leo ni moja: ukienda kusoma nje unakuwa mgeni, na mgeni huulizwa mambo ambayo kwao hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nianze na yaliyonikuta. Shahada ya pili niliisomea Ujerumani, na ili kusogeza siku nilikuwa nasaidia kufundisha Kiswahili saa chache kwa wiki. Niliona nimepata kazi ya mteremko. Kiswahili nimezaliwa nacho, kitanishinda nini? Wiki ya tatu binti mmoja akanyoosha mkono. Watu, walimu, wakulima, wote hao wa- yao ni ya wingi; mbona waziri ni mmoja? Huyo mmoja haitwi mziri? Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha nikagundua kwamba sina jibu. Nikasema, “Ndivyo tunavyosema.” Akaliandika daftarini kwa uso wa mtu aliyepewa chenji pungufu.

Usiku ule nililala nimechelewa. Waziri ni neno la Kiarabu, na ile wa imo ndani ya neno lenyewe, ndiyo maana tukaliacha lilivyo na wingi wake tukalipa ma-: mawaziri. Lakini kitabu nalo ni la Kiarabu, na lile tulipolisikia linaanza na ki tukalipanga pamoja na kiti na kisu, likazaa vitabu. Maneno mawili yameingia kwa mlango mmoja. Moja tumelivisha ngeli, jingine tumelikaribisha na nguo zake. Nilikuwa nimesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi shahada ya kwanza, na sikuwahi kuona hapo pana la kushangaza. Mada ya tasnifu yangu ilitokana na swali lile. Kwa hiyo nikiulizwa Ujerumani ilinifundisha nini, husema ilinifundisha Kiswahili.

Sasa, je, ni lazima upande ndege kwa muda wa saa nane ili uwe mgeni? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi.

Mwalimu Nyerere tunapenda kumtaja na Edinburgh, alikosoma kuanzia 1949 hadi 1952, na mwenyewe alisema baadaye kwamba falsafa yake ya siasa aliijenga kule. Ni kweli. Lakini kabla ya Edinburgh kulikuwa na Makerere, alikohitimu stashahada ya ualimu mwaka 1945. Mara yake ya kwanza kuwa mwanafunzi ugenini ilikuwa Kampala. Benjamin Mkapa naye alisoma Kiingereza Makerere. Wakati ule Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU kwenye mtaa ambao leo ni Lumumba.

Kisha likaja jambo ambalo vijana wa leo hawalijui, nami naliona ni hasara. Kuanzia 1963 hadi 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Ukitaka udaktari, Makerere. Uhandisi, Nairobi. Sheria, Dar es Salaam. Kijana wa Kenya mwenye hamu ya uwakili alifunga sanduku akaja kwetu. Mmoja wao ni Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011. Yoweri Museveni alifika chuoni kwetu Mlimani 1967 kusoma siasa na uchumi, akamkuta Walter Rodney, mhadhiri kutoka Guyana. Na akiwa bado mwanafunzi alivuka Ruvuma kwenda kuona maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO. Hilo halikuwa kwenye mtaala wowote. Ubaya au uzuri wa siasa zake za baadaye tuuache, tutagombana mpaka jioni.

Sisemi mbali hakuna faida yake. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 katika ule mpango alioupigania Tom Mboya wa kupeleka vijana Marekani, akasoma biolojia Kansas, kisha Pittsburgh. Zipo fani zinazohitaji maabara ambazo sisi bado hatunazo, na mwenye fani hiyo aende, tena aende mapema. Ninachokataa ni ile dharau ya kuuliza, “Umepata nje?”, ukijibiwa Kigali au Nairobi, unasema, “Aa, hapo tu.” Hapo tu? Kaa mezani na Mganda muhula mzima mkijadili historia ya vita vya 1978–79 kati ya nchi zetu mbili, halafu uniambie kama umerudi na mawazo yaleyale.

Ugeni una gharama, nisiwadanganye. Mwezi wangu wa kwanza nilipika ugali wa unga wa ngano uliokobolewa, ukawa gundi, nikaula hivyohivyo nikiwa peke yangu jikoni, nje giza limeingia saa kumi jioni. Simu ya nyumbani niliipokea kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Na sasa yale mliyoyafuata. Kabla hamjalipa ada hata shilingi moja, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama chuo hicho na shahada hiyo vinatambuliwa hapa. Nimemwona kijana amerudi na joho, na cheti chake hakimpi hata nafasi ya kuitwa kwenye usaili. Ufadhili someni masharti yake mpaka nukta ya mwisho, hasa panapozungumzia tiketi ya kurudi.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba maswali, na ukiniruhusu, tuanze na wale wanafunzi wawili wa kutoka Bujumbura waliokaa nyuma. Toka asubuhi sijasikia mtu akiwauliza kitu.