SIKI: TUSITUPE NDIZI ZILIZOIVA SANA
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kiboriloni)



Leo tumekuja na chupa moja ya siki. Wengine mtasema, siki ni kitu cha hotelini. La, ndugu zetu. Siki inaweza kutoka kihambani.

Sisi wa Kiboriloni tunalijua jambo hili. Mama anashuka kutoka mlimani na mikungu yake. Jua linazama, kisukari zimeiva kupita kiasi, mnunuzi hakuna. Basi anauza kwa bei ya kutupa, au anarudi nazo akawape ng'ombe. Jasho lote limepotea! Ndizi hizo zinafaa kwa siki.

Siki ni nini? Jiulizeni, mbege ikilala siku nyingi inakuwaje? Inachachuka mpaka uso unakunjamana. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vimegeuza kileo kuwa asidi, na vinahitaji hewa kufanya kazi hiyo. Mfaransa Louis Pasteur aliyaeleza haya katika miaka ya 1860. Bibi zetu waliionja ile mbege iliyochachuka, ila hawakupata wa kuwaeleza sababu.

Jinsi ya kutengeneza

1. Menya kilo 3 za ndizi zilizoiva sana. Zisiwe na ukungu. Chemsha na lita 3 za maji kwa dakika 20, kisha ponda.
2. Zikipoa, chuja kwa kitambaa safi. Tia kijiko cha chai cha hamira.
3. Weka kwenye ndoo safi ya plastiki ya chakula. Funika, lakini usikaze kifuniko, maana hewa inatoka. Acha wiki moja. Sasa ni pombe, watoto wasiguse.
4. Chuja tena. Sasa funika kwa kitambaa tu, ufunge kwa kamba. Hewa ipite, nzi wasipite. Kama jirani ana siki ya nyumbani ambayo haijachemshwa, omba kikombe kimoja utie. Itakwenda haraka zaidi.
5. Acha wiki 4 hadi 6 mahali penye joto, pasipo na jua. Harufu ya pombe ikiisha na ukali ukibaki, iko tayari. Chuja, pasha moto bila kuchemsha, tia kwenye chupa safi.

Ukiona ukungu mweusi au wa kijani, mwaga yote. Usionje.

Kazi zake nyumbani

Jikoni, kijiko kimoja kwenye kachumbari kinatosha. Nyama ngumu, kilo moja, paka vijiko viwili vya siki, funika saa moja kabla ya kupika. Italainika. Perege wa Nyumba ya Mungu wakioshwa kwa maji na siki kidogo, shombo inapungua.

Birika lenye magamba meupe ndani, tia siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha saa moja, kisha suuza vizuri. Chupa ya chai inayonuka, fanya hivyo hivyo kwa maji ya moto. Chimni ya taa na vioo vya dirisha, futa kwa kitambaa chenye siki.

Na mitumba yetu je? Sisi tunaoishi karibu na soko hili tunaijua harufu ya belo likifunguliwa. Fua kwa sabuni kwanza. Maji ya mwisho ya kusuuza, ndoo moja, tia nusu kikombe cha siki. Anika. Harufu inapungua sana.

Tahadhari

Hapa tusikilizane vizuri. Mwenzetu mmoja alitaka kusafisha choo. Akachanganya siki na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, wengi wetu tunaiita jiki. Alidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Ukatoka moshi mkali, akakohoa mpaka akakimbilia nje. Ile ni hewa ya klorini, ndugu zetu, na inaweza kuua. Vitu hivyo viwili visikutane kamwe, hata kwenye ndoo moja isiyosuuzwa.

Siki isilale kwenye sufuria ya alumini, maana inaila. Isimwagwe kwenye sakafu ya saruji, nayo inaliwa. Na galoni iliyowahi kubeba dawa ya kahawa isitiwe siki, hata ukiiosha mara kumi.

Siki haigeuzi maji machafu kuwa salama. Maji ya kunywa tuendelee kuyachemsha. Wala si dawa ya kuungua moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Na tusiinywe kavu, inaunguza koo na kula meno.

La mwisho ni achari. Achari ya kukaa miezi inataka siki yenye asidi ya asilimia 5. Ya nyumbani hatuwezi kuipima kwa ulimi. Kwa hiyo siki yetu iwe ya kachumbari, nyama na usafi. Ya achari tununue dukani, tusome karatasi ya chupa. Tafuta tarakimu 5 na alama ya asilimia. Usipoiona, rudisha chupa. Zamani tulimwomba mtoto wa shule atusomee. Leo tunasoma wenyewe, na muuza duka hawezi kutudanganya.

Basi, msimu huu kila nyumba ijaribu ndoo moja tu. Tukikutana tena, kila mmoja aje na chupa yake, tuonje pamoja.