Chumvi Ndani ya Mtutu

Kopo la bati lililozibwa, ndani yake risasi 440: hivyo ndivyo risasi za akiba za Mosin-Nagant, bunduki ya Urusi ya mwaka 1891, zilivyouzwa Marekani. Bei ilivutia. Kero ilikuwa kwenye fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda la risasi.

Nyingi zina klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha chumvi mtutuni. Chumvi hunyonya unyevu, kutu ikaanza. Mafuta peke yake hayaiyeyushi. Mlengaji makini huhakikisha bunduki haina risasi, husuuza mtutu kwa maji ya moto, huukausha, ndipo hupaka mafuta.

Kabla ya kufyatua, mlengaji huyo hukataa risasi yenye ganda lenye ufa au kutu.

Risasi ikigoma, mtutu hubaki umeelekezwa kwenye shabaha sekunde 30 au zaidi, maana huenda mlipuko umechelewa tu. Mlio ukiwa hafifu, mlengaji huacha kufyatua, kisha hukagua kama kichwa cha risasi kimekwama ndani.