Mtunzi Aliye Nyuma ya Kioo: Kazi ya Todd Rundgren katika Muziki wa Roki



Todd Rundgren alizaliwa mwaka 1948 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, akakulia Upper Darby, pembezoni mwa jiji la Philadelphia. Ni mwimbaji, mtunzi, mpiga gitaa na prodyuza, na zaidi ya nusu karne hajaacha hata moja ya kazi hizo. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanathibitisha jambo ambalo wahakiki wetu wa muziki hulipita haraka mno: prodyuza naye ni mtunzi.

Tuanze na albamu ya mwaka 1972, *Something/Anything?*. Ni santuri mbili, yaani pande nne, na katika pande tatu kila chombo kimepigwa na yeye, kila sauti imeimbwa na yeye. Ngoma ndizo alizozirekodi kwanza. Hakukuwa na gitaa la kulifuata wala mwimbaji wa kumwongoza. Wimbo wote aliuimba kichwani huku mikono ikipiga. Ilimlazimu kujua mapema ubeti unaishia wapi, kiitikio kinaingia lini, na pa kutulia ni wapi. Akikosea hesabu, besi, kinanda na sauti zitakazopangwa juu yake vyote vitapotea njia. Mtu anayeweza kupiga ngoma za wimbo ambao bado haujasikika popote ameshautengeneza wimbo huo mzima akilini. Huo ndio uprodyuza.

Ndani ya albamu hiyo upo “Hello It’s Me”, wimbo aliokwisha kuurekodi mwaka 1968 na bendi yake ya awali, Nazz. Mwishoni mwa 1973 toleo hilo jipya lilifika nafasi ya 5 katika chati ya Billboard. Lakini mwaka huohuo yeye alikuwa ameshatoa *A Wizard, a True Star*, ambamo nyimbo hukatishwa, huunganishwa na kumezana bila kupumua. Waliopenda nyimbo zake laini za mapenzi walibaki wameduwaa. Kwangu mimi, ile ndiyo albamu yake yenye ujasiri kuliko zote.

Si kila ujasiri ulizaa matunda. Mwaka 1975 alibana zaidi ya saa nzima ya muziki katika santuri moja, *Initiation*. Mifereji ikawa myembamba kiasi kwamba msikilizaji alionywa kwa maandishi kwamba sindano iliyochakaa ingeiharibu santuri mara moja, na kwamba sauti ikiwa ndogo ajaribu kuuhamishia muziki kwenye tepu. Naiheshimu hamu hiyo ya kusema yote, ila albamu imejazwa kupita uwezo wake.

Katika kusimamia albamu za wenzake alikuwa na nidhamu zaidi. George Harrison, aliyekuwa wa The Beatles, alipoiacha njiani albamu ya bendi ya Badfinger, *Straight Up*, ni Rundgren aliyeimalizia mwaka 1971. Mwaka 1973 aliwasimamia New York Dolls na Grand Funk Railroad, bendi mbili zisizofanana hata kidogo.

Kisha likaja jambo la mwimbaji Meat Loaf. Mtunzi wake, Jim Steinman, alikuwa ametunga nyimbo ndefu, zenye makeke ya jukwaa la maigizo, na kampuni moja ya rekodi baada ya nyingine ilikuwa imezikataa. Rundgren alizikubali. Katika wimbo unaoipa albamu jina lake, *Bat Out of Hell*, Steinman alitaka mngurumo wa pikipiki. Rundgren hakutafuta pikipiki. Alilichukua gitaa, akalipiga mpaka likanguruma kama injini, kisha mngurumo ukageuka kuwa muziki. Albamu ilitoka mwaka 1977 na imeuza makumi ya mamilioni ya nakala.

Mwaka 1986 Waingereza wa bendi ya XTC walimfuata Woodstock, jimbo la New York. Kabla hawajafika alikuwa ameshasikiliza nyimbo zao za majaribio na kuzipanga zifuatane kama safari moja. Andy Partridge, kiongozi wa bendi, aligombana naye vikali. Hata hivyo *Skylarking* ikawa miongoni mwa kazi zinazosifiwa zaidi za bendi hiyo, na baadaye Partridge mwenyewe aliisifu kazi ya Rundgren. Mpangilio ule haukuwa wa fundi mitambo. Ulikuwa utunzi.

Mwaka 2021 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Sherehe ilifanyika Cleveland. Usiku huo yeye alikuwa akitumbuiza Cincinnati, katika jimbo hilohilo la Ohio.

Wanafunzi wangu, mnapoandika tasnifu kuhusu wimbo wowote, msiishie kwa mwimbaji na mashairi. Ulizeni nani alikaa nyuma ya kioo cha studio, alipanga nini, alikataa nini, kisha liandikeni jina lake pamoja na majina ya watunzi.