Humo Ndani: Maneno ya Vipito na Mahali Palipofungwa, Kutoka Kiklingoni hadi Shabunda

Lugha ya Kiklingoni ilijengwa na mwanaisimu Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya Star Trek III ya mwaka 1984, na kamusi yake ikatoka mwaka 1985. Katika lugha hiyo, pa' ni chumba, vaS ni ukumbi, lojmIt ni mlango, DIS ni pango, na 'och ni njia ipitayo chini kwa chini. «Chumbani» ni pa'Daq. Msemaji wa Kiswahili huitambua -Daq papo hapo, kwa sababu -ni yake hufanya kazi ileile. Lakini -Daq hutaja mahali tu. Ili kuutaja undani wenyewe, Kiklingoni huongeza nomino nyingine, qoD.

Kiswahili kimeuweka undani katika sarufi. Nyumbani pana watu, nyumbani kuna watu, nyumbani mna watu: nomino haikubadilika, ila sentensi ya tatu imemwingiza msikilizaji ndani ya kuta. Herufi moja imefanya kazi hiyo.

Katika Kiswahili cha Shabunda, mashariki mwa Kongo, kando ya mto Ulindi, kiambishi hicho cha undani hukaa mbele ya nomino, kama katika Kilega, lugha ya wenyeji: mu nyumba, mu pori, mu shimo. Wanaokiita Kiswahili hicho kibovu wanakosea. Huo ndio mpangilio wa kale wa lugha za Kibantu. Pwani ndiko ulikobadilika, -ni ikashika mkia wa nomino na m- ikabaki katika upatanisho. Kwenye machimbo ya huko ya dhahabu na kasiterite, madini ya bati, tofauti ya ku na mu si ya darasani. Shimo huteremka wima, kisha hupinda kuufuata mshipa wa madini, dari lake likiegemezwa kwa magogo. Aliye ku shimo amesimama juu, penye mwanga. Aliye mu shimo ana udongo juu ya kichwa chake.

Pwani, utajiri uko katika majina. Njia ikibanwa huwa ujia. Ikibanwa zaidi kati ya kuta mbili, uchochoro. Nyumba ya mawe ya Lamu hupokea mgeni hatua kwa hatua. Kwanza daka, kibaraza chenye viti vya mawe. Kisha tekani, kipito kinachopinda makusudi ili macho ya mpita njia yasifike uani. Halafu kiwanda, kilicho wazi kwa mbingu. Baada yake hufuata msana wa tini na msana wa yuu, kila mmoja ukipanda kidogo kuliko uliotangulia, kisha chumba kinachoitwa ndani. Juu ya uchochoro, wikio huunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja, na wanawake huvuka bila kukanyaga njia. Hapo usanifu na msamiati ni kitu kimoja.

Maneno mengine yamehama kazi. Ushoroba, kipito cha nyumbani, sasa ni njia ya tembo kati ya hifadhi mbili za Tanzania. Handaki limetoka Uarabuni likiwa na maana ya mtaro wa kujihami, na sasa hutaja pia njia ipitayo chini kwa chini.

Msamiati wa nyumba za Lamu umekwisha kuandikwa na wasomi wa usanifu. Ule wa machimbo ya Shabunda unastahili heshima hiyohiyo: ukusanywe shimo kwa shimo, kutoka vinywani mwa wachimbaji wenyewe.