Daftari la Chama Katika Zama za Kompyuta



Tunapotimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, imetupasa kuulizana jambo moja: daftari la chama ni la nani?

Mwaka 1844, wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao ili wapate unga safi na mizani ya haki. Hesabu zilisomwa mbele ya wanachama.

Leo kahawa yetu hupimwa, kompyuta huandika, na malipo humfikia mkulima kwa simu, njia ambayo M-Pesa iliifungua Kenya mwaka 2007. Hayo ni maendeleo, wala hatuyakatai. Lakini programu nyingi ni mali ya mfanyabiashara. Akipandisha ada, au akifunga duka, kumbukumbu zetu zilizomo zaweza kupotea.

Basi tusitie saini mkataba usiotamka mambo matatu: kwamba kumbukumbu ni mali ya chama, kwamba twaweza kuzitoa zote na kuzihamishia programu nyingine, na kwamba kila mkulima atapewa stakabadhi ya karatasi yenye uzito na bei.

Tena, Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hujengwa na wengi, na kila ajuaye aweza kuisoma na kuirekebisha. Huo ni ushirika. Nasi vyama vikichanga pamoja, twaweza kuwaajiri vijana wetu watutengenezee programu iliyo yetu.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza: daftari lisilofunguka kwa mwenyewe si daftari.