Kiwanja cha Tisa



Mwezi uliopita nilikwenda Maji ya Chai, pale kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, kumzika mama wa rafiki yangu. Gari lililobeba jeneza lilisimama mbali na nyumba, kwani njia iliishia ukutani. Vijana wakalibeba, wakapita ubavu ubavu kati ya nyua mbili, na mwisho wakalipitisha juu ya ukuta wa jirani. Jirani mwenyewe alisimama upande wa pili akilipokea, machozi yakimlengalenga. Si mtu mbaya. Alinunua kiwanja kwa fedha halali, akajenga kwenye mpaka wake.

Kosa lilifanyika siku ile shamba lilipokatwa.

Mzee mmoja niliyekaa naye msibani, ambaye naye ameuza sehemu ya kihamba chake, aliniambia: "Mwanangu, ardhi haizai. Nikitoa barabara, ninatupa fedha." Wengi wetu tunafikiri hivyo. Lakini hebu tupige hesabu.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ikiwa na pande nne sawa, kila upande una zaidi kidogo ya mita 63. Ikate tatu kwa tatu, utapata viwanja 9 vya mita 21 kwa 21. Vitatu vya mbele vinapakana na barabara. Sita vilivyobaki vinategemea huruma ya majirani, na kile cha katikati kimezungukwa pande zote kama kisiwa.

Sasa ikate upya. Pitisha barabara ya mita 9 katikati, toka mbele hadi nyuma. Kila upande wa barabara hiyo weka viwanja vinne, upana mita 15 barabarani, urefu mita 27 kwenda ndani. Utapata viwanja 8 vya mita za mraba 405, na kila kimoja kina mlango wake barabarani. Mzee wetu amepoteza kiwanja kimoja tu, nacho ni kile cha tisa ambacho mnunuzi wake angelia maisha yake yote. Na jirani akinyoosha barabara yake ikutane na hii, mtaa umezaliwa.

Ndugu msikilizaji, barabara si ya magari tu. Maji ya Chai ilipata jina lake kutokana na mto ambao maji yake yana rangi ya chai. Maji ya sehemu nyingi chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi itokayo katika miamba ya volkano. Ndiyo inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na ikizidi mno hupinda mifupa. Basi maji salama hayana budi kuletwa kwa bomba, na bomba hufuata barabara. Mahali pasipo na barabara, bomba litapita wapi? Uvunguni mwa kitanda cha nani?

Sheria zipo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka mchoro uidhinishwe kabla eneo la mpango halijagawanywa. Sheria ya Barabara ya mwaka huohuo inatenga mita 30 kila upande, toka katikati ya barabara kuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto. Lakini dalali anayepima kwa hatua za miguu hayasemi hayo, na mnunuzi huyajua siku anapokuta alama ya X nyekundu ukutani mwake.

Kwa hiyo unapopelekwa kuona kiwanja, usiulize bei kwanza. Omba mchoro, kisha uende nao halmashauri ukaulize kama wanautambua. Nawe mwenye shamba, kaa na jirani zako kabla ya kuuza, mkubaliane barabara itapita wapi.

Na pale palipokwisha kujengwa? Siku ya kuanua matanga, yule jirani alisimama mbele ya watu akasema yuko tayari kuusogeza ukuta wake mita mbili, iwapo wa upande wa pili naye atasogeza mbili. Nilipoondoka, huyo wa pili alikuwa bado hajajibu.

Hadi juma lijalo, kwaheri.