Mboga za Kikundi Zisiishie kwa Mbuzi

Kila Jumamosi tunagawana mboga za shamba letu. Ikifika Jumatano nusu zimenyauka, mbuzi anakula, nasi tunakopa sukuma wiki pale kibandani! Jembe tumelishika bure.

Tuanze na zile laini, terere na managu, tuzipike siku hiyo hiyo au kesho yake. Sukuma ifuate. Kabeji itangoja. Kunde zikizidi, tuzichovye kwa maji ya chumvi yanayochemka, dakika chache tu, kisha tuzianike kivulini, maana jua kali huharibu vitamini A. Na mafuta kidogo kwa sufuria si anasa, jamani: yanasaidia mwili kuipokea vitamini hiyo.

Hakuna wavu wa kuanikia? Gunia safi latosha.